Gari dogo la mkononi kwa safari ya barabara kuu kila siku: namna ya kulichagua, kulipima na kulinunua

Gari dogo la kwenda sokoni na gari dogo la kutoka Mlandizi saa 11 alfajiri kuelekea mjini Dar es Salaam kila siku ya kazi si gari moja, hata kama yote mawili ni IST za rangi ileile. Mjini gari bovu huficha ubovu wake miezi mingi, kwa sababu halifiki kasi ya 60 na halikimbii nusu saa mfululizo. Barabara kuu haifichi. Dakika 40 kwenye kasi ya 90 huibua mambo matatu ambayo kuzungushwa nyuma ya yadi hakuwezi kuyaonyesha: joto la injini, joto la giaboksi, na mtetemo wa miguu ya gari. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo matatu. Mifano mingi ni ya barabara ya Morogoro, lakini anayetoka Bagamoyo kwenda Dar au Moshi kwenda Arusha atapita hatua zilezile.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kilometa zako

Mlandizi hadi katikati ya jiji ni kama kilometa 60. Kwenda na kurudi ni 120. Kwa siku 25 za kazi, hizo ni kilometa 3,000 kwa mwezi na 36,000 kwa mwaka. Andika namba yako mwenyewe, kwa sababu ndiyo itakayoamua kila kitu kinachofuata.

Kwa kilometa 3,000 kwa mwezi, oili inayobadilishwa kila kilometa 5,000 itakufikia kila baada ya mwezi mmoja na wiki tatu, si mara mbili kwa mwaka. Tairi za kilometa 45,000 zitakwisha ndani ya miezi 15. Gari lenye kasoro ndogo ya kula oili, ambayo mtu wa mjini huishi nayo mwaka mzima, litakuulia injini kabla ya Pasaka kufika.

Sasa mafuta. Tuchukulie lita ya petroli ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Bei halisi hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Gari linalokwenda kilometa 15 kwa lita litakunywa lita 200 kwa mwezi, na linalokwenda kilometa 18 litakunywa lita 167. Tofauti ni lita 33, kama shilingi 100,000. Ni fedha, lakini si fedha ya kukufanya ununue gari lisilokufaa. Giaboksi moja ikifa, akiba hiyo ya mwaka mzima inaweza kumezwa kwa siku moja.

Hatua ya 2: Chagua injini na giaboksi kwanza, jina la gari baadaye

Watu wengi huanza na jina: nataka Vitz, nataka Passo. Anza na ukubwa wa injini. Na sababu ya kuutazama ukubwa huo ni kulipita lori. Mafuta tumeshayapigia hesabu.

Chukua semi-trela la mita 18 linalokwenda kasi ya 60. Ili ulipite kwa usalama unahitaji kama mita 20 nyuma yake na mita 20 mbele yake kabla ya kurudi upande wako, ukijumlisha na urefu wa gari lako lenyewe. Gari lako likiwa na wastani wa kasi ya 90 wakati wa kupita, utatumia sekunde 7 na nusu hivi ukiwa upande usio wako. Basi linalokuja mbele kwa kasi ya 100 litakuwa limesogea mita 200, na wewe umekwenda mita 186. Kwa hiyo unahitaji karibu mita 400 za barabara tupu. Sasa jaza watu wanne, washa AC, na chukua injini ya cc 1000 inayojikongoja kwa wastani wa 80. Muda unapanda hadi sekunde 11 na barabara tupu unayohitaji inafika mita 560. Mita hizo 160 za ziada ndizo tofauti ya cc 1000 na cc 1500 kwenye barabara ya njia mbili, na ndizo zinazotufanya tusimshauri mtu mwenye abiria kununua cc 1000 kwa safari ya kila siku. Ukisafiri peke yako, au kipande chako kikubwa ni kile cha njia nyingi kati ya Kimara na Kibaha, cc 1000 itakutosha.

Kwenye giaboksi, kuna aina mbili utakazokutana nazo. Automatiki ya kawaida ya gia nne ni nzito kidogo kwa mafuta, lakini mafundi wengi wanaijua na huvumilia. CVT, ile isiyo na hatua za gia, ni laini na hubana mafuta, ila haisamehe oili isiyo yake wala joto la muda mrefu. Hatusemi usinunue CVT. Tunasema usinunue CVT ambayo huna uhakika imewekewa oili gani.

Kwa magari yanayopatikana kwa wingi:

Toyota IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ndiyo chaguo letu la mwanzo kwa kazi hii. Soma kibati cha modeli ndani ya boneti: NCP60 ni cc 1300, NCP61 ni cc 1500, na NCP65 ni cc 1500 yenye kuvuta magurudumu yote manne. Tafuta NCP61. NCP65 ina uzito na vyuma vya ziada vya nyuma ambavyo kwenye lami vinakula mafuta bure. Zote zina automatiki ya gia nne na injini za cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa tayming wa kubadilisha.

Vitz ya SCP90, cc 1300, ni nzuri barabarani lakini ina CVT, kwa hiyo Hatua ya 7 kwake ni ya lazima. Passo ya kwanza, KGC10, ina silinda tatu. Mtetemo wake ikiwa imesimama ni wa kuzaliwa nao, usikutishe, lakini ni gari la mjini. Honda Fit ya kwanza, GD1, ina nafasi kubwa kuliko zote hizi, ila ina plagi nane badala ya nne, na CVT yake hutaka oili ya Honda yenyewe. Fundi akiiwekea oili ya automatiki ya kawaida, huanza kutikisika kila unapoondoka kwenye taa. Mazda Demio ya DY, ya 2002 hadi 2007, hutulia sana kwenye kona. Kabla ya kuichagua ulizia upatikanaji wa vipuri pale unapoishi, si Kariakoo peke yake.

Hatua ya 3: Chuja kwa simu

Kabla ya nauli, omba picha ya kadi ya gari, pande zote mbili, na picha ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Linganisha herufi kwa herufi. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na kama si lake, aeleze kwa karatasi, si kwa mdomo. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa madeni ya trafiki wa polisi, TMS, uone faini zilizolala. Angalia bima kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima.

Usiuziwe herufi. "Namba E" inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikwambii lilitengenezwa lini. Lipo la namba E lililotoka kiwandani 2004, na lipo la namba D ambalo ni changa kuliko hilo. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi.

Rangi ya kibati cha namba nayo ina neno. Kibati cheupe ni cha biashara, cha njano ni cha binafsi. Gari lililofanya teksi si lazima liwe bovu, ila saa zake za injini ni nyingi kuliko kilometa zinavyosema, kwa sababu limekaa likinguruma kwenye foleni na AC imewashwa. Kama kibati kimebadilishwa karibuni kutoka cheupe kwenda cha njano, uliza kwa nini.

Hatua ya 4: Fika gari likiwa baridi

Mwambie muuzaji au dalali: "Naomba gari lisiwashwe leo mpaka nifike." Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini iliyopashwa joto inaficha kelele za cheni, moshi wa asubuhi na ugumu wa kuwaka.

Fungua mfuniko wa rejeta. Fanya hivi kwenye injini baridi tu, kamwe si ya moto. Ndani unataka kuona kulanti ya pinki, nyekundu au kijani, safi, imejaa hadi shingoni. Maji ya rangi ya chai yenye kutu yanakwambia gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba, na kutu hiyo ipo pia ndani ya injini na kwenye vinjia vyembamba vya rejeta. Mafuta yanayoelea juu ni gasketi ya kichwa. Ondoka.

Chomoa kijiti cha oili, futa, rudisha, chomoa tena. Oili nyeusi si tatizo. Oili iliyo chini ya alama ya chini ni tatizo. Geuza mfuniko wa kujazia oili: utando wa rangi ya maziwa, mzito kama uji, ni maji ndani ya oili.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo magari mengi ya safari yanapofia. Injini za 1NZ na 2NZ, zile za IST na jamii yake, zikitembea sana bila kubadilishiwa oili kwa wakati, ringi za oili huganda kwenye pistoni na injini huanza kula oili. Injini ya 1NZ huchukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Ikila lita 1 kwa kila kilometa 2,000, ndani ya kilometa 5,000 itakuwa imekula lita 2 na nusu, na wewe umezunguka wiki saba huku ukiamini siku ya kubadilisha bado. Taa nyekundu ya oili hupima presha, haipimi kiasi. Ikiwaka, vyuma vimeshasagana.

Sasa angalia mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyapita.

La kwanza ni thamostati, kilango kinachozuia kulanti kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi huitoa wakisema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Si kweli. Thamostati ikitolewa, injini kwenye barabara kuu hukimbia ikiwa baridi, kompyuta hudhani gari ndiyo kwanza limewashwa na kuongeza petroli. Unanunua mafuta ya ziada kila siku bila kujua. Tena mara nyingi ilitolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, na aliyeitoa hakutafuta chanzo.

La pili ni feni. Fuata nyaya za feni ya rejeta. Ukiona waya mpya umeungwa kwa mkanda wa plastiki moja kwa moja hadi kwenye swichi au betri, ujue feni haijiendeshi yenyewe tena. Hiyo nayo ni kumbukumbu ya gari lililochemsha. Pamoja na hayo, tazama ungio la kichwa na bloku: gundi ya gasketi nyekundu au ya buluu iliyochomoza pembeni, au boliti zenye makovu ya spana, zinasema injini imewahi kufunguliwa. Uliza ilifunguliwa kwa nini, na nani aliifanya.

Kisha washa. Mlio wa cheni kwa sekunde moja au mbili unaweza kusamehewa. Ukiendelea, cheni au kikazio chake kimechoka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ni wa kawaida, lakini mweupe unaoendelea wakati injini imepata moto, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Acha lingurume mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili.

Hatua ya 5: Taa za dashibodi na mashine

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa zote za tahadhari lazima ziwake: injini, ABS, mfuko wa hewa, oili, betri. Kisha washa injini zizime. Taa ya injini isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, maana balbu yake huenda imeng'olewa ili usiione.

Chomeka mashine ya kusomea hitilafu. Usitazame kama kuna hitilafu tu. Tazama kipengele cha umbali uliotembea tangu hitilafu zifutwe. Kikisoma kilometa 9, zimefutwa asubuhi hiyo kwa ajili yako. Magari mengi ya soko la Japani ya kabla ya 2008 hivi hayasomeki vizuri kwa kifaa cha bei ndogo cha simu. Kwa hayo nenda na fundi umeme mwenye mashine inayolijua gari husika.

Kuhusu kilometa za dashibodi: zitazame kwa mashaka, halafu tafuta ushahidi. Mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma, usukani unaong'aa kama umepakwa mafuta, na ukingo wa kiti cha dereva uliokatika havilingani na kilometa 70,000. Kwenye kizingiti cha mlango au ndani ya boneti mara nyingi hubaki stika ya Kijapani ya kubadilisha oili, yenye kilometa na tarehe. Mwaka wake unaweza kuwa wa kalenda ya Japani: kama ni wa enzi ya Heisei, ongeza 1988, kwa hiyo Heisei 22 ni 2010, kama ni wa Reiwa, ongeza 2018. Ikiwa stika ya Heisei 22 inasema kilometa 88,000 na dashibodi leo inasema 74,000, mazungumzo yamekwisha. Gari lililoingia nchini karibuni huwa na cheti cha usafirishaji cha Japani kinachoonyesha kilometa, kiombe.

Hatua ya 6: Chini, tairi na bodi

Panda kwenye shimo la gereji au nyanyua kwa jeki yenye stendi. Shika tairi juu na chini, tikisa: ikicheza, ni beringi au boljoiti, kiungo cha mguu wa gari. Shika kushoto na kulia, tikisa: ikicheza, ni tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Angalia buti za mpira za drafshafti, vyuma vinavyozungusha magurudumu. Zikipasuka grisi humwagika na mchanga huingia, na utasikia "ka-ka-ka" ukikata kona kali. Shokapu yenye oili iliyotiririka imekufa. Bushi za mikono ya chini zilizopasuka zitakufanya urekebishe usukani kila linapopita basi.

Kwenye ubavu wa tairi tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Tairi iliyozidi miaka 6 isikupeleke barabara kuu hata kama bado ina meno, kwa sababu mpira hukauka, na kwenye kasi ya 100 saa 8 mchana ndipo hupasuka. Zingatia pia namna ilivyolika: upande wa ndani peke yake ni alaimenti au mguu uliopinda, katikati peke yake ni upepo mwingi, kingo zote mbili ni upepo mdogo.

Kuna magari madogo yasiyo na tairi ya akiba kabisa, yana kopo la gundi na pampu. Mengine yana ile nyembamba, ambayo haitakiwi kupita kasi ya 80. Ukikuta hivyo, tafuta rimu na tairi kamili, na upunguze gharama yake kwenye bei.

Bodi tutaipita haraka. Rangi ikitofautiana kati ya mlango na mlango, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isiposhika ni puti. Boliti za boneti na za fenda zenye rangi iliyochubuka zimefunguliwa. Inua zulia la buti utazame mikunjo ya chuma. Gari lililokula mzinga mbele huenda likakimbia vizuri, lakini usukani hautanyooka kwa alaimenti yoyote. Kumbuka taa: lenzi zilizofifia na kuwa za njano hazitakusaidia saa 11 alfajiri, mwendesha baiskeli asiye na taa akiwa pembeni mwa lami.

Hatua ya 7: Jaribio la barabara kuu

Usikubali kuzungushwa mtaani. Kubaliana na muuzaji mapema, weka petroli kwa fedha yako, na mwende angalau kilometa 60 kwa jumla. Kibaha hadi mizani ya Vigwaza na kurudi inatosha vizuri. Heshimu vibao vya 50. Tochi zipo, na vipande hivyo vya 50 ni sehemu ya jaribio, kwa sababu vinalifanya gari lishuke na kupanda mara nyingi.

Dakika 15 za mwanzo endesha polepole ulisikilize. Usizime redio tu, funga vioo vyote. Kisha panda hadi 80, halafu 90, na ushikilie.

Usukani ukitetemeka kati ya 85 na 100 kisha kutulia, ni balansi ya tairi au rimu iliyopinda. Ukitetemeka unapokanyaga breki tu, diski zimepinda. Mvumo kama wa ndege ndogo unaoongezeka kwa kasi ni beringi ya gurudumu au tairi iliyolika vibaya. Ili kuzitofautisha, yumbisha gari kidogo pale barabara ilipo wazi. Mvumo ukiongezeka unapokata kushoto, beringi ya kulia ndiyo inayobeba uzito, na ndiyo mbovu. Mvumo usiobadilika ni tairi.

Kwa giaboksi ya gia nne, kanyaga mafuta kutoka 70 kama unayetaka kupita lori. Inatakiwa ishuke gia moja kwa mkato mmoja, isisite, isigonge. Kwa CVT, fanya hivyo baada ya nusu saa ya mwendo, si kabla. Mizunguko ya injini ikipanda huku kasi ikibaki palepale, mkanda wa ndani unateleza. Mlio mwembamba kama wa mbu unaozidi kadiri oili inavyopata moto ni beringi za CVT. Ukirudi, simama, subiri dakika moja, kisha ondoka taratibu sana: kutikisika hapo hapo ni dalili ambayo ikiwa baridi haionekani.

Joto la injini linahitaji jicho la pekee. Vitz, Passo na magari mengi madogo hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu ya baridi na taa nyekundu ya hatari, basi. Nyekundu ikiwaka kwenye kasi ya 100, tayari umechelewa. Kama mashine inasomeka, iache imechomekwa na utazame nyuzi: injini nzima ikikimbia hukaa kati ya 80 na 95 hivi. Ikishuka hadi 65 ukiwa kwenye 90, thamostati haipo au imekwama wazi. Ikipanda polepole 98, 102, 105 kila ukipandisha kilima na kushuka ukiteremka, rejeta imeziba. Mkifika mnapogeuzia, simama ukiwa na AC imewashwa, injini ikinguruma, dakika 10. Ndipo feni inapojieleza.

Mwishoni pima tena oili na kulanti. Kulanti iliyopungua ndani ya saa mbili imekwenda mahali. Usinunue mpaka ujue ni wapi.

Hatua ya 8: Bei, mkataba na uhamisho

Orodhesha kasoro kwa bei ya kipuri na ufundi, kisha weka karatasi mezani. "Punguza kidogo" haina nguvu kama "tairi nne, diski mbili na beringi ya mbele kulia, hii hapa hesabu yake." Kasoro za tairi, breki, bushi na shokapu ni za kupunguziwa bei. Kasoro za gasketi ya kichwa, CVT inayoteleza na namba ya chesisi isiyolingana ni za kuondoka. Hakuna punguzo linalozifidia kwa mtu wa kilometa 36,000 kwa mwaka.

Lipa kupitia benki kwa jina lililo kwenye kadi. Mkataba wa mauziano ushuhudiwe na wakili, uwe na namba ya chesisi, namba ya injini, kilometa za siku hiyo na nakala za vitambulisho vya NIDA. Uhamisho wa umiliki hufanyika TRA, na utahitaji TIN za pande zote mbili, kadi halisi, mkataba, ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa nini. Usilitembeze gari kwa jina la mwenye kwanza kwa miezi. Faini zako zitamwangukia yeye, na madeni yake yataweza kukukuta wewe barabarani.

Hatua ya 9: Huduma ya kwanza, kabla ya safari ya kwanza ya kazini

Tenga asilimia 10 hadi 15 ya bajeti tangu mwanzo kwa ajili ya hatua hii. Kwa IST ya cc 1500: galoni ya lita 4 ya oili 5W-30 na filta, plagi 4, filta ya hewa, kulanti mpya badala ya maji, na thamostati mpya kama haipo, oili ya breki, mkanda wa feni kama una nyufa, pedi za mbele. Oili ya giaboksi soma aina iliyoandikwa kwenye kijiti chake, kwa IST nyingi ni T-IV, na uibadilishe kwa kumwaga na kujaza tu. Usikubali kusafishwa kwa presha kwenye giaboksi ya zamani, kwa sababu uchafu uliotulia hunyanyuka na kuziba njia za oili. Alaimenti na balansi vifanywe baada ya bushi kubadilishwa, si kabla, vinginevyo utalipia mara mbili. Nunua kizima moto, pembetatu za kuakisi na spana ya tairi inayoshika vizuri.

Wiki mbili za kwanza pima oili kila asubuhi ya pili, gari likiwa baridi na mahali palipo sawa, na uandike ulichokiona pamoja na kilometa. Ukifika kilometa 1,000 bila kijiti kushuka kwa kiasi cha kuonekana, hamia mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, pamoja na upepo wa tairi zote tano. Kikishuka nusu ya nafasi kati ya alama ya juu na ya chini, ongeza kidogo kidogo, na ulete tarehe ya fundi mbele: weka mwisho kuwa kilometa 3,000 badala ya 5,000 mpaka ijulikane oili inakwenda wapi.